Jicho siyo kamera, mhariri, na Bibi yangu hakuwa na majini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lenu, najua barua ndefu huwa mnazikata, basi mkiikata hii kateni yangu mie, ya Bibi muiache.

Wiki iliyopita ukurasa wa afya mliandika habari za macho mkaweka mchoro wa jicho na pembeni yake mchoro wa kamera, na chini maneno kwamba jicho linafanya kazi sawasawa na kamera, lenzi huku, filamu kule, picha ikishaingia mambo yamekwisha. Mie ni mpiga picha hapa Tanga, nilianza enzi za filamu na leo tunapiga kwa memori kadi, mwaka wa 28 huu, kwa hiyo kamera naijua nje ndani. Na hayo maneno yenu nimeyasema mwenyewe kwa wateja mara nyingi tu, jicho ni kamera, cheka kidogo, usipepese. Nimeacha. Maana maneno hayohayo ndo yalitufanya nyumbani tupoteze pesa ya mbuzi na tumtie Bibi aibu ambayo hakuistahili.

Bibi ni mama yake mama yangu, ana miaka themanini na kitu, hiyo kitu kila mjomba ana hesabu yake. Anakaa na sisi Ngamiani tangu macho yalipoanza kumsumbua. Ana presha ya macho. Ingekuwa mtoto wa jicho angefanyiwa operesheni, akawekewa lenzi, saa hizi anachambua mchele mwenyewe. Presha ya macho ikishakula haitapiki, ule mshipa wa fahamu unaotoka nyuma ya jicho ukishakufa haufufuki, matone yanalinda kilichobaki tu, na sisi tulichelewa.

Sasa ilikuwa Ramadhani, tumekaa jamvini tunasubiri adhana, umeme umekatika kama kawaida, kuna taa ya chemli pembeni inatoa mwanga wa kuhesabia. Bibi akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jamani hawa watoto wa nani, mnawaacha wamekaa tu hata tende hamuwapi?"

Tukaangaliana. Mtoto hakuwepo hata mmoja.

Mama mkubwa akauliza watoto gani mama, Bibi akasema si hawa hapa mlangoni, wanne, wadogo wadogo hata goti hawanifiki, wamevaa kanzu za rangi ya ndimu na kofia za kazi ya mkono, na huyu wa mwisho kofia yake imeshonwa na fundi hasa, vitobo vimekwenda safu safu kama zile za zamani. Elewa mhariri, huyu ni mtu ambaye kikombe cha uji tunamshikisha mkononi, sura yangu anaijua kwa sauti, halafu anakuhesabia vitobo vya kofia gizani.

Mama mkubwa akaanza kulia palepale. Mjomba akasema huyu karushiwa kitu. Kesho yake akaja bwana mmoja na vitabu vyake, kombe likaandikwa kwa zafarani likaoshwa Bibi akanywa, ubani ukafukizwa mpaka na mie macho yakaniwasha. Kombe silidharau, nimelelewa nalo, na dua ni dua. Lakini yule bwana akataka na mbuzi mweusi asiye na doa, na kitambaa, na pesa ya kufungulia, hapo ndo nikaingiza ujanja wangu wa studio. Nikasimamisha kamera kwenye stendi, nikamwambia Bibi nionyeshe walipo, akaonyesha kwa kidole, nikapiga tatu kwa flashi. Nikawazungushia wote waone kwenye kioo cha kamera: jamvi, ndala za mjomba, birika. Nikajiona nimemaliza kesi.

Bwana akacheka. Akasema majini hayapigiki picha.

Mbuzi akanunuliwa.

Ile kesi nimekuja kuifikiria sana baadaye, usiku nikiwa naedit picha za watu. Mie na yule bwana tulijiona maadui lakini tulikuwa tunasema kitu kimoja, kwamba kinachoonekana lazima kiwe nje, mbele ya lenzi. Yeye akasema kipo ila kamera haikipati. Mie nikasema hakipo, kwa hiyo Bibi haoni chochote, anaropoka tu. Na Bibi alikuwa anaona. Sote wawili tulikosa hapo, na kati yetu nadhani mie ndo nilimuumiza zaidi, maana yeye angalau alimwambia nakuamini.

Tukampeleka na hospitali, moja hivi, daktari kijana akasikiliza dakika mbili akasema uzee huo, akili zinaondoka, akaandika vidonge vya usingizi. Bibi akalala siku mbili mfululizo, alipoamka akawakuta watoto palepale mlangoni.

Aliyetusaidia alikuwa daktari wa macho, mama mtu mzima, alikuja kwenye kambi ya macho na mie nilikuwepo kumshika mkono Bibi tu. Akampima, akamulika, akaandika, halafu akasogeza kiti akasema, "Shikamoo Bibi, hivi huwa unaona vitu ambavyo mwenyewe unajua havipo?" Bibi kimya. Akanibana mkono mpaka nikahisi pete yake. Akasema waambie hao wengine watoke kwanza.

Ndo nikasikia yote. Kumbe ilianza miezi kabla ya ile Ramadhani. Mwanzo ilikuwa michoro tu, ukuta mzima unajaa kama nyavu za wavuvi zimeanikwa, mara matofali matofali, ukipepesa imeondoka. Watoto walikuja kwa mara ya kwanza ile jioni ya futari, giza lile likamchanganya akadhani ni wa jirani kweli, ndo maana akasema. Baada ya kuona tulivyolia alinyamaza, na wao wakawa wanakuja anawatazama tu. Siku moja limepita jahazi sebuleni, tanga limejaa na upepo hakuna, likaingilia ukutani likatokea jikoni. "Najua hawapo," akasema, "hawana sauti, hata salamu hawaitikii, nikigeuza macho wamekwenda. Lakini ningesema mngenipeleka kwa vichaa."

Daktari akamshika bega akamwambia Bibi wewe huna wazimu na huna jini, hii kitu ina jina, na wewe siyo wa kwanza. Jina lenyewe ni la mtu, Charles Bonnet, mtaalamu wa viumbe wa Geneva, alikuwa anachunguza wadudu. Mwaka 1760 aliandika habari za babu yake, mzee Charles Lullin wa miaka 89, macho mabovu ila akili timamu kabisa, aliyekuwa anaona wanaume, wanawake, ndege, magari ya farasi, majumba, na anajua kwamba havipo. Baadaye Bonnet mwenyewe macho yalimharibikia naye akaanza kuona vyake. Miaka zaidi ya 260 iliyopita! Na sisi tunanunua mbuzi.

Nikamuuliza daktari sasa inakuwaje mtu asiye na macho aone. Akanigeuzia swali, akasema wewe mpiga picha niambie, nani amekwambia macho ndo yanaona?

Hapo ndo nikakumbuka kitu ambacho nilikuwa nakijua miaka yote bila kukijua.

Enzi za filamu harusi nyingi zilikuwa usiku, ukumbini taa za balbu zile za njano, na filamu tuliyokuwa tunaipata hapa ilikuwa ya mwanga wa jua. Flashi ikigoma ukapiga hivyohivyo, bi harusi mwenye gauni jeupe pee anatoka rangi ya chungwa. Basi wiki inayofuata wanakuja studio wamefura, shangazi mbele, gauni letu lilikuwa jeupe ukumbi mzima umeliona jeupe wewe umelitia bizari! Na walikuwa wanasema kweli, hata mie niliyepiga niliona jeupe. Lakini na filamu ilikuwa inasema kweli, mwanga uliokuwa unatoka kwenye lile gauni ulikuwa wa njano. Ni ubongo wa wageni wote ndo ulikuwa umeshapiga hesabu, taa hii ya njano, toa njano, gauni jeupe, ukawaletea jibu bila kuwaonyesha hesabu. Kamera za siku hizi zina waiti balansi inayojaribu kuiga hiyo kazi na bado inaboronga, ingia kwenye duka lenye turubai la bluu juu upige picha ya mtu uone, anatoka kama amezama majini.

Mnakumbuka ile picha ya gauni Februari 2015, iliyozunguka dunia nzima kwenye simu, wengine wanaapa ni bluu na nyeusi wengine nyeupe na dhahabu? Gauni lenyewe dukani lilikuwa bluu na nyeusi. Picha ni ileile, macho ni mazima, ila kila ubongo umekisia taa yake, mmoja umedhani gauni liko kivulini, mwingine umedhani liko kwenye mwanga wa njano. Nyumbani kwangu tuligombana mpaka mke wangu akalala chumba cha watoto.

Daktari akaniambia mambo mengine ambayo nimeyatafuta na kuyasoma mwenyewe baadaye, niyaseme maana wasomaji wenu wengi wanadhani kama nilivyodhani mie.

Ile retina nyuma ya jicho, ambayo mliiita filamu, ina chembe za kupokea mwanga kama milioni 120 za kuonea gizani na kama milioni 6 za kuonea rangi na vitu vidogo vidogo. Lakini nyuzi zinazotoka kwenye jicho moja kwenda ubongoni ni kama milioni moja tu. Kwa hiyo hakuna picha nzima inayosafirishwa, retina yenyewe inachambua inatuma muhtasari, hapa kuna ukingo, hapa kumebadilika, hapa hamna jipya. Na imekaa kinyumenyume, nyaya na mishipa ya damu ziko mbele, chembe za mwanga ziko nyuma, yaani ni kama fundi afunge kamera waya zipite mbele ya sensa, mie nisingempa kazi tena.

Sehemu inayoona vizuri kweli ni kadogo, nyosha mkono utazame ukucha wa dole gumba, upana huohuo basi. Kwingine kote ni ukungu. Mbona hatuoni ukungu? Kwa sababu macho yanaruka ruka mara tatu au nne kila sekunde, kile kidoa kinaokota huku na kule, ubongo unaunganisha. Na wakati jicho linaruka ubongo unaizima picha, la sivyo dunia ingeyumba kama video ya mlevi. Simama mbele ya kioo, tazama jicho lako la kushoto halafu la kulia, utaona macho yametulia tuli, hayaendi popote. Mwite mtu akutazame atakwambia yanakwenda. Mwenyewe huwezi kuyaona yakienda hata ukae mpaka magharibi, nimejaribu, nimechelewesha wateja.

Na kuna hili la gazeti, fanyeni sasa hivi. Kwenye ukingo mweupe wa juu chora alama ndogo ya kujumlisha, halafu kulia kwake, sentimita 8 hivi, weka doa la ukubwa wa mbaazi. Ziba jicho la kushoto. Kodolea ile alama kwa jicho la kulia, usilitazame doa, gazeti likiwa kama sentimita 30 kutoka usoni, lisogeze mbele nyuma taratibu. Pana mahali doa linapotea. Hapo ndipo waya wote unapotokea nyuma ya jicho, hamna hata chembe moja ya kupokea mwanga, Mfaransa mmoja Edme Mariotte aligundua miaka ya 1660. Lakini angalieni kitu kimoja, doa likipotea haliachi shimo jeusi. Panajaa weupe wa karatasi. Nani ameweka huo weupe? Jicho halikuutuma, pale halina kitu.

Nilipofanya hilo jaribio mara ya kwanza nilikaa chini, sitanii. Maana ndo hivyohivyo presha ya macho ilivyomwibia Bibi. Inaanza kula pembeni, taratibu, haiumi, na kila inapokula ubongo unapaka rangi, unajaza ukuta palipokuwa na ukuta, sakafu palipokuwa na sakafu. Miaka mitatu minne Bibi alikuwa anajigonga kwenye vigoda na sisi tunawagombeza watoto kwa kuacha vigoda njiani. Anamimina chai nje ya kikombe tunasema mikono imechoka. Ukimuuliza unaona? Naona vizuri, mwanangu. Hakuwa anaficha. Alikuwa anaona vizuri, ila sehemu kubwa ya alichokuwa anakiona kilikuwa cha kukisia. Kamera ikiharibika upande unaona kwenye picha upande mweusi unaipeleka kwa fundi. Jicho halikupi huo upande mweusi, ndo maana nasema ule mchoro wenu una hatari, mtu anasubiri aone giza ndo aende hospitali na giza haliji mpaka mwisho.

Ugonjwa huu unatembea kwenye ukoo, sisi watu weusi unatupata zaidi, na ndugu wa karibu wa mgonjwa ndo wa kwanza kupimwa. Mie nimepimwa niko salama kwa sasa. Mama yangu ameanzishiwa matone na alikuwa hajaona tofauti yoyote, anatunga sindano bila miwani.

Sasa nirudi kwa wale watoto wa kofia. Sehemu ya ubongo inayopokea habari za macho iko huku nyuma, kisogoni, na ina vitengo vyake, kuna cha rangi, kuna cha sura za watu, kuna cha mwendo. Kuna mama mmoja Mjerumani ambaye habari zake ziliandikwa mwaka 1983, ubongo wake ulipata shida kitengo cha mwendo kikafa, vingine vizima, anaona kikombe anaona rangi, lakini akimimina chai anaiona imeganda hewani kama kitu kigumu, mara kikombe kimefurika, hajaona ikipanda. Barabarani gari iko kule, halafu ghafla iko hapa. Sasa chukua hivyo vitengo vyote, vizima kabisa, uvikatie habari kutoka machoni. Daktari akanipa mfano nikaupenda, akasema ni kama mpishi wa shughuli, sufuria zipo, moto upo, wageni wanasubiri, gari la sokoni halijaja. Hatakaa bure. Atapika alichonacho stoo.

Siyo mfano tu. Mwaka 1998 Dominic ffytche na wenzake London waliwaweka watu wa hali hii kwenye mashine ya kupiga picha ubongo wakati maono yanawajia, anayeona rangi kitengo cha rangi kinawaka, anayeona sura kitengo cha sura kinawaka. Hawakuwa wanafikiria, hawakuwa wanaota, walikuwa wanaona kwa vifaa vilevile ninavyoonea mie. Na mwaka 2004 kule Boston zilitoka habari za watu 13 wenye macho mazima waliokubali kufungwa vitambaa vya macho siku tano mfululizo, 10 kati yao wakaanza kuona vitu, wengi ndani ya siku moja mbili tu za mwanzo. Watu wazima, akili zao, hawajarushiwa kitu na mtu.

Ndo maana vitobo vya ile kofia vilikuwa safi kuliko sahani iliyokuwa mbele yake. Sahani ilikuwa inapita kwenye mshipa uliokufa. Kofia haikupita kwenye jicho kabisa. Na nikaja kukumbuka kwamba Bibi enzi zake alikuwa anashona kofia za kazi, alisomesha wajomba kwa kofia. Mimi nasema stoo yake imejaa kofia, ingawa daktari aliniambia usiwe na haraka ya kutafuta maana, kuna wanaoona watu wa mavazi ambayo hawajawahi kuyajua maishani mwao.

Sitaki kumaliza bila kumtaja Ibn al-Haytham, maana wapiga picha tunamwonea. Mzee huyu wa Basra aliyefia Cairo, miaka elfu moja iliyopita, ndo aliyeonyesha kwamba mwanga unaingia jichoni, siyo jicho linalotoa mionzi kama wengi walivyokuwa wanaamini, akafanya na majaribio ya chumba cha giza chenye tundu, na neno lenyewe kamera kwa Kilatini ni chumba tu. Hilo kila fundi picha analijua. Tusilosema ni kwamba mzee huyohuyo aliandika kuwa mwanga kuingia siyo mwisho, kutambua kitu ni hukumu, akili inapima inalinganisha inakata shauri haraka mpaka mtu hajijui. Sisi tukachukua chumba tukaacha hakimu.

Mhariri, haya mambo siyo ya kupoteza muda vijiweni. Nchi hii vikongwe wameuawa kanda ya ziwa kwa sababu tu macho yao ni mekundu, wekundu wa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe wa miaka hamsini jikoni. Sasa fikiria kikongwe kama huyo, macho mekundu, haoni vizuri, halafu aseme mbele za watu kuna watoto wadogo wamekaa mlangoni kwangu. Bibi yangu alikuwa mjini, ana wajukuu, kilichompata ni ubani na usingizi wa siku mbili.

Ninachoomba ukurasa wenu wa afya. Mkiandika tena habari za macho andikeni na hii, kwamba mzee anayepoteza macho anaweza kuona watu, wanyama, michoro, vitu visivyo na sauti, na yeye anajua havipo, na kama akili zake nyingine zimetulia basi si wazimu. Aende akaangaliwe lakini, maana kuona vitu kunaweza pia kuletwa na homa, na dawa flani, na magonjwa ya ubongo ya uzeeni, na kama anasikia na sauti au anaamini kabisa vile vitu ni vya kweli hilo ni jambo lingine, daktari ndo wa kutenganisha. Kwa baadhi maono hayo hupungua yenyewe na muda. Bibi alifundishwa kuwasha taa, kuinuka, kuzungusha macho kulia kushoto bila kugeuza shingo, na wanaondoka, siku nyingine wanagoma.

Na kwa wanaoendesha kambi za macho, mnamulika vizuri mnapima vizuri, ongezeni lile swali moja la yule mama. Bibi amekaa mbele ya wataalamu wangapi sijui, kila mmoja alimuuliza unaona herufi gani, hajatokea wa kumuuliza unaona nini kingine.

Nilimsomea barua hii kabla ya kuituma. Akasema jahazi umelisema lakini hujasema lilikuwa na rangi gani, ubavuni lilikuwa na mstari mwekundu na mwingine wa kijani chini yake. Halafu akasema hamjarudisha pesa ya mbuzi.

Mpiga picha,
Ngamiani, Tanga